Nilivyoipima kamusi kubwa ya Oxford kwa neno moja tu: "get"

Mstari wenyewe ulikuwa wa maneno matatu. Askari amejibanza nyuma ya gari, anafyatua risasi moja, kimya kinatanda, kisha anasema kwenye redio: "I got him." Kazi yangu ni kuandika manukuu ya filamu, yale maandishi yanayopita chini ya skrini, na mstari kama huo huwa haunisumbui hata kidogo. Nikaandika "Nimempata", nikasonga mbele.

Kesho yake mhariri akanirudishia faili, alama nyekundu iko hapo tu. "Kaka, huyu hajampata mtu. Kamtwanga risasi. Mtazamaji atadhani amemtia pingu." Nikaleta ubishi: "Dada, kwani risasi haimpati mtu?" Akajibu kwamba risasi humpata mtu, hilo hana shaka nalo, lakini hapa anayesema ni askari, siyo risasi. Nikanyamaza. Alisema kweli, na mimi pia nilisema kweli, na filamu ilikuwa inasubiriwa baada ya siku nne.

Nilianza na kamusi ya bure iliyomo kwenye simu yangu, ambayo jina lake nalihifadhi. Niliandika "get", ikanimwagia: pata, pokea, fika, elewa, kuwa, leta, nunua, shika. Yote kwa mkupuo mmoja, mkato baada ya mkato, mithili ya mtu aliyekuomba msumari ukammiminia mfuko mzima mezani. Ipi ilitangulia? Ipi imezaa ipi? Ipi inatumika wakati kuna bunduki? Hakuna. Ndipo nikaingia kwenye Oxford English Dictionary, kwa kadi ya maktaba. Nilikusudia kukaa humo dakika kumi. Nilitoka siku ya tatu, na kwa kuwa sikutazama neno lingine lolote, tathmini hii ni ya kamusi hiyo kwa kipimo cha kitenzi kimoja.

Kwa asiyeijua, hii siyo kamusi ya kukuambia neno fulani maana yake fulani, kwaheri. Ni daftari la maisha ya neno. Wazo lilizaliwa katika Chama cha Filolojia cha London mwaka 1857. James Murray alikabidhiwa uhariri mwaka 1879, akafanya kazi katika kibanda cha bati bustanini, huku wasomaji wa kujitolea wakimtumia vikaratasi kwa posta, kila kikaratasi kimebeba sentensi moja, kitabu ilikotoka na mwaka wake. Walikadiria miaka 10. Miaka mitano ilipokatika walikuwa wamefika "ant", yaani sisimizi. Kazi ilikamilika mwaka 1928, na Murray hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1915 akiwa angali anahangaika na herufi T. Toleo la pili, la mwaka 1989, ni majuzuu 20. Tangu mwaka 2000 kamusi iko mtandaoni, na toleo la tatu linaendelea kuandikwa kidogo kidogo, marekebisho yakitoka kila baada ya miezi mitatu.

Herufi G haikuwa mikononi mwa Murray. Ilisimamiwa na Henry Bradley, na jinsi alivyoingia kazini inanifurahisha sana mimi ninayeandika tathmini. Kipande cha kwanza cha kamusi kilipotoka mwaka 1884, Bradley aliandika tathmini yake katika jarida la The Academy. Hakuwa profesa. Alikuwa mtu aliyejisomesha lugha mwenyewe, aliyefanya kazi ya ukarani miaka mingi Sheffield katika kampuni ya kutengeneza visu. Murray aliisoma ile tathmini, akaona huyu bwana si wa kuachwa, na baadaye wakawa wahariri wenza. Mambo ya visu tutayarudia.

Sasa kidahizo chenyewe, yaani neno lenyewe na maelezo yake yote. Ukibofya "get" usitarajie jibu. Ukurasa umegawanywa: upande mmoja maana na matumizi, kwingine asili ya neno, matamshi, maumbo liliyowahi kuandikwa nayo, na kipimo cha jinsi linavyotumika mara kwa mara. Maana zimepangwa kama matawi ya mti, tawi lina vitawi, na chini ya kila kitawi kuna nukuu zilizofuatana kwa mwaka, kuanzia ile ya zamani kabisa waliyoweza kuipata. Maana iliyokufa huwekewa kialama mfano wa msalaba mdogo. Mara ya kwanza utachoka. Neno la Kiingereza kadiri lilivyo fupi ndivyo kidahizo chake kinavyorefuka. "Run", neno la herufi tatu, lilimkalisha mhariri Peter Gilliver miezi tisa, akaibuka na maana 645 za kitenzi hicho peke yake. "Get" ni wa ukoo huohuo wa vitenzi vifupi visivyo na mwisho.

Nilianzia kwenye asili. Miaka yote hii nimeamini kwamba "get", kwa udogo wake na kwa jinsi lilivyo mdomoni kila dakika, lazima ni Kiingereza cha tangu na tangu. Kumbe ni neno la kuja. Limetoka katika Kinorse cha Kale, "geta", lugha ya Waviking wa Skandinavia. Hao ndio walioivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne mwaka 793, kisha wakarudi na majeshi, kisha wakarudi na majembe. Walilowea kaskazini na mashariki ya Uingereza, wakaoana na wenyeji, wakauziana mifugo, wakagombania mipaka. Mgeni wa kawaida akihama huacha nyuma majina ya vitu vyake. Hawa waliacha mpaka viwakilishi: "they", "them", "their" ni vyao. "Take" ni lao. "Call", "want", "law", "husband", "window" vilevile, na hata "knife". Na "get" linaanza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza karibu mwaka 1200, vizazi kadhaa baada ya mapanga kurudi alani. Maneno ya nyumbani huchelewa kuandikwa.

Jambo lililonikalisha kitako ni ushahidi wake, kwa sababu uko kwenye sauti. Kiingereza cha Kale kilikuwa na kitenzi ndugu, "gietan", ila hakikutembea peke yake, daima kilibebwa na kiambishi mbele. Na ile g yake, kwa kuwa ilitangulia irabu ya mbele, kama i au e, ilitamkwa y. Ndiyo maana neno la kale "geard" leo ni "yard", na "gieldan" ni "yield". Kwa mwendo huo Waingereza wangekuwa leo wanasema "yet" pale wanaposema "get". Mshairi Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, bado aliandika "yeve" kwa maana ya kutoa. Leo wanasema "give", kwa g ngumu, na sababu ni haohao wa kaskazini. Kwa hiyo kila Mwingereza akitamka "get" kwa ile g ya kooni, anatamka kwa lafudhi ya mvamizi wake wa miaka elfu iliyopita. Mimi hilo peke yake lingenitosha kuisifu kamusi.

Halafu nikawafuata wale ndugu wawili waliozaliwa palepale Uingereza. Wa kwanza ni "forget". Kiambishi "for-" hapo kinabeba maana ya kuelekea mbali, kuharibikiwa, kuponyokwa. Kusahau, kwa jicho la neno hilo, ni kuponyokwa na kitu ulichokuwa umekishika. Sisi "sahau" yetu tumeichukua kwa Waarabu, kwa hiyo picha hiyo hatunayo, lakini ukimsikia mtu anasema "jina lake limenitoka", umeiona.

Wa pili ni "beget". Zamani lilikuwa kupata tu, kujipatia. Baadaye likasogea mpaka kupata mtoto, na hasa upande wa baba. Ndilo lililojaa katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, pale fulani "begat" fulani ukurasa mzima. Na katika Biblia hiyohiyo, Mwanzo 4:1, Hawa anapomzaa Kaini anasema "I have gotten a man from the LORD." Nikafungua Biblia ya Kiswahili ya Union Version kutazama waliandikaje: "Akapata mimba akamzaa Kaini, akasema, Nimepata mtoto mwanamume kwa Bwana." Pata mara mbili katika mstari mmoja! Na walilenga, maana kwa Kiebrania jina la Kaini linachezeana sauti na kitenzi cha kupata. Nilikaa nikautazama mstari huo kwa wivu wa mtu wa fani. Hao waliofasiri hawakuwa na mhariri wa kuwaandikia "Kaka" kwa wino mwekundu, au walikuwa naye na akawaelewa.

Mstari huohuo unatuletea "gotten". Waingereza wa leo wengi wameitupa, wanasema "got" basi, ila imebaki imeganda katika semi kama "ill-gotten gains", mali ya haramu. Wamarekani waliondoka nayo wakaitunza, na wakaipa kazi. Kwao "I've got a car" ni kwamba ninalo gari, na "I've gotten a car" ni kwamba nimelipata, nimelinunua au nimepewa. Kwa mtu wa manukuu tofauti hiyo ni mkate, kwa maana mhusika akiwa Mmarekani sentensi moja ni "ninalo" na nyingine "nimelipata", na ukizichanganya mtazamaji anashangaa gari limetoka wapi.

Lakini "have got" lenyewe lilikuwaje hata likawa na maana ya kuwa na kitu? Hapa kamusi inakuonyesha nukuu moja baada ya nyingine, na mtu aliyekulia kwenye Kiswahili anaelewa kabla hata ya kumaliza kusoma. Sisi tunasema "amelala" na mtu yuko kitandani sasa hivi. "Amesimama", yuko wima. "Amevaa kofia", kofia iko kichwani. Tendo limetimia, hali imebaki, na tunaitaja hali kwa jina la tendo. "I have got a knife" ilikuwa nimepata kisu, aliyepata anacho, baada ya muda hakuna aliyekumbuka kupata, kilichobaki ni kuwa nacho. Walimu wa Kiingereza wamelikemea sana hilo "got", wakidai halina kazi kwa sababu "have" linatosha. Sawa, halina kazi. Na "amelala" je, tuseme yuko katika kulala?

Mzizi wa mbali zaidi nitaupitia mbiombio, ingawa ni mtamu. Wataalamu wanaurudisha ukoo mzima kwenye mzizi wa Kihindi-Kiulaya, lugha ya kale iliyozaa nyingi za Ulaya, wenye maana ya kushika, kukamata. Upande wa Kilatini mzizi huo ulizaa "prehendere", na humo ndimo lilimotoka, kwa kupitia Kifaransa, "prison". Wametoka humo pia "apprentice", "surprise", "enterprise", na "prey" kwa mlango wa jirani. Mfungwa gerezani, mwanagenzi karakanani na swala kinywani mwa simba wote ni binamu wa "get". Na "comprehend" pia. Maana yake mtu anayejidai msomi akasema "I comprehend", na kijana wa mtaani akasema "I get it", wametumia mzizi mmoja. Mmoja kaupokea kwa Warumi, mwingine kwa Waviking. Huyo wa mtaani kwa Kiswahili anasema "nimekupata", na wala hakuhitaji kuazima.

Sasa nije pale ambapo "pata" yetu inagoma, maana ndipo kamusi iliponisaidia kikazi.

Kuna tawi zima la "get" lenye maana ya kuingia katika hali. Get old, get fat, get thin, get tired, get wet, get drunk, get lost, get angry. Kiingereza kimekigeuza kitenzi kuwa kapu tupu, uzito wote umebebwa na neno linalofuata. Kiswahili hakina haja ya kapu: zeeka, nenepa, konda, choka, lowa, lewa, potea, kasirika. Vitenzi vinane, kila kimoja kinajitosheleza. Nimeona manukuu ya watu, na ya kwangu ya zamani yamo, yamejaa "amekuwa mzee", "amekuwa mnene", "nimekuwa mwenye hasira". Hayo ni makapu ya Kiingereza yaliyoletwa na mzigo wake. Isitoshe yanakula nafasi. Mstari wangu mwisho herufi 42, na "amenenepa" inaniachia pumzi.

Hata hivyo, si kwamba "pata" haijui kazi hiyo. Injini imepata moto. Mgonjwa amepata nafuu. Aliyezimia amepata fahamu. Ni mlango mdogo, hupita maneno machache tu yaliyozoeleka, lakini upo, na sikuwahi kuutazama mpaka Kiingereza kiliponilazimisha.

Tawi jingine ni lile la "got fired", "got robbed", "got hit", ambapo "get" linasimama mahali pa "be" kutengeneza kauli ya kutendwa. Limeanza kuonekana karne ya 17, kwa hiyo ni changa ukilinganisha na maana ya kupata. "He was fired" ni taarifa. "He got fired" ina harufu ya kisirani, au ya mtu aliyeyataka mwenyewe. Inaweza kuwa heri pia, "got promoted", "got married", lakini sikio huelekea kwenye balaa. Nikajiuliza sisi harufu hiyo tunaipata wapi, na jibu likaja lenyewe: "patwa". Hebu kitazame kitenzi hiki. "Pata" ni cha heri na shari, mtu hupata mali na hupata ajali. Lakini kitie katika kauli ya kutendwa, heri yote inakimbia. Mtu hupatwa na msiba, hupatwa na maradhi, hupatwa na kichaa. Hakuna anayepatwa na utajiri. Jua likipatwa, ni giza. Tangu siku hiyo, mhusika akisema "look what I got" kwa sauti ya kulia, ninajua pa kwenda.

Maana za mwendo, get up, get in, get off, get over, na lile jeshi la vineno vinavyofuata, kamusi imezitengea eneo kubwa sana na mimi sina mengi ya kusema. Amka, ingia, shuka, vuka. Kila moja ina kitenzi chake kwetu na hakuna wa kugombana naye. Nilizipita kama mtu anayepita sokoni hana hela.

Ila nilisimama kwenye kisu. Ndiyo, nilisema tutarudi. Katika kutafuta mwisho wa "get" nilijikuta naandika pembeni kila maana ya "pata" niliyoijua, kwa ule mtindo wa vikaratasi. Sijapata kuona. Yapata mwaka. Amepata maswali mawili, matatu amekosa. Patana, patanisha, patikana, pato. Na "kisu hiki hakipati", yaani ni butu. Hiyo "get" haina. Mwingereza hawezi kusema kisu chake "doesn't get". Lakini ukiirudisha kwenye mzizi wa kushika inaelewana: kisu kikali hushika kinachokatwa, butu huteleza juu. Nikamkumbuka Bradley na barua zake za biashara ya visu, nikatamani angekuwa na karatasi hii moja mezani.

Nani aitumie? Si mwanafunzi anayeanza. Akifungua "get" humu atakutana na sentensi za karne ya 14 zilizoachwa na tahajia zake, na atafunga Kiingereza chenyewe. Huyo atafute kamusi za wanaojifunza, zinazoweka maana inayotumika sana juu kabisa. Hii huanza na iliyotangulia kuzaliwa, hata kama imezikwa miaka 300. Si ya mwenye haraka pia, na ukurasa kamili huwa wa kulipia, isipokuwa maktaba yako iwe imejiunga. Uliza kabla ya kutoa fedha yako. Anayetaka asili ya neno tu, kwa ufupi na bure, Online Etymology Dictionary ya Douglas Harper inatosha na kusaza. Mimi huanza huko, kisha nikiona pananoga ndipo ninapanda juu. Lakini mfasiri, mwalimu anayeulizwa "kwa nini", au mtu yeyote anayetaka kuona maana moja ikimzaa nyingine hatua kwa hatua, na tarehe zake, hapa hatatoka mikono mitupu. Kitu kimoja isichokifanya ni kukuambia utafsirije, na wala haikuahidi.

Basi siku ya tatu, jioni, nilirudi kwa askari wangu. Katika matawi ya chini kuna ile maana ya kulenga na kugonga, ambapo kinachompata mtu ni pigo, jiwe au risasi, na pembeni yake ile ya mtu kumpata adui, kumdhuru, kumlipizia. Kiingereza kinaruhusu zote mbili zibebwe na mtenda yuleyule: risasi "got him", na mimi niliyefyatua "got him". Kiswahili hakichanganyi. Mtu akimpata mtu, amemwona au amemkamata. Kinachompata mtu mwilini ni kitu.

Nikawaza "Nimemuua", lakini ilikuwa uongo: dakika mbili baadaye yule mtu anainuka anachechemea. "Nimempiga risasi" ilikuwa kweli ila ndefu kwa sekunde moja aliyoongea. Nikatazama tena neno langu la kwanza, herufi tisa zilizoleta mzozo wote. Kosa halikuwa kwenye kitenzi, lilikuwa kwenye nafsi.

Nikafuta N. "Imempata." Mhariri hakuandika kitu safari hii, faili ilirudi safi.